Wakili Niliyetaka Afutwe

Mimi ni wakili hapa Tabora, na juzi nilijiumbua mchana kweupe.

Niliombwa nizungumze na wakazi wa kata ya Isevya, ukumbini kwao, kuhusu adhabu za mawakili wanaotelekeza kesi za wateja. Nikavaa suti nyeusi, nikaanza kwa mbwembwe: wakili wa namna hiyo huonywa, husimamishwa, hata hufutwa uwakili! Watu wakapiga makofi, nami makofi hunilevya.

Mama mmoja mtu mzima akasimama nyuma. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka Nzega. Wakili wangu hakutokea mahakamani, kesi ya shamba la marehemu mume wangu ikatupwa. Nikimpigia simu hapokei."

"Huyo ni aibu kwetu sote!" nikanguruma. "Kesi hiyo inaweza kuombwa irudishwe, na yeye alalamikiwe."

"Hatanikasirikia?"

"Akasirike mpaka apasuke! Malalamiko nitakuandikia mimi mwenyewe, bure. Mtaje jina."

Akanitazama kwa huruma, kama mzazi anayetaka kumsitiri mwanawe mbele ya wageni.

"Nimtaje hapa hapa, na watu wote hawa?"

"Mtaje, mama, tena kwa sauti!"

Akajifunga kitenge vizuri.

"Ni wewe, mwanangu. Mkwe wangu ndiye aliyenileta ofisini kwako, tukaonana mara moja tu."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mama akasubiri vitulie, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa tuanze na lipi, kuandika malalamiko au kuirudisha kesi?"