Sharti la Chini Kabisa

Bashayer aliweza kumficha jambo mtu yeyote isipokuwa mkwewe. Wiki nzima fomu za chuo cha uuguzi zilikaa chini ya nguo za watoto kabatini, na wiki nzima Bi Jawaher, mama wa mumewe, alipokwenda kupanga nguo alizisoma na kuzirudisha pale pale.

Walikaa pamoja katika mji wa Sib. Safwan, mume wa Bashayer na mtoto wa pekee wa Bi Jawaher, ni mwanajeshi. Mwezi huo alikuwa kambini jangwani, ambako simu haishiki. Bashayer ana miaka ishirini na tisa, watoto wawili, na barua ya kukubaliwa chuoni aliyoisoma mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Karo ndiyo iliyomshinda. Mshahara wa Safwan unalisha, unavisha na kununua dawa za sukari za mama yake, basi.

Miaka yote Bashayer alidhani msaada wa masomo ni wa watoto wa wanajeshi tu. Juzi, harusini mji wa Matrah, binamu yake Maram akamwambia upo mfuko wa wake zao pia, na maombi yanafungwa Alhamisi. Akajaza kila kitu. Ikabaki karatasi moja: ridhaa ya mume, kwa saini yake mwenyewe. Na Safwan hatarudi mpaka baada ya wiki tatu.

Jumatano mchana alisimama mbele ya sufuria ya wali akilia. Bi Jawaher akaingia, akazima jiko kabla wali haujaungua, akavuta kiti.

Bashayer akatoa yote. Alichokiogopa ni kuulizwa nani atamsafishia bibi huyu kidonda cha mguu, na nani atawapokea watoto skuli. Bi Jawaher hakuuliza hata moja. Aliuliza tu kama amewahi kuisoma hati yake ya ndoa.

Bibi harusi gani wa kwao anasoma hati? Wanaume walikuwa msikitini, yeye chumbani na hina mikononi, macho yamemvimba kwa kulia. Akaletewa karatasi atie saini, akatia. Hati ikafungwa kwenye kitambaa pamoja na dhahabu zake, ikaingia sandukuni kwa mkwewe, na kwa miaka minane hakuna aliyeigusa.

"Nletee miwani yangu, mwanangu," alisema Bi Jawaher. "Mna sharti mle."

Lilikuwamo, chini kabisa: mume ameridhia mkewe asome chuo wakati wowote atakaotaka. Na saini ya Safwan, ile ile yenye mkia mrefu. Bashayer alilisoma sharti mara tatu.

Alhamisi akaipeleka hati ofisini. Musallam, karani wa mfuko, aliitazama, akaingia nayo kwa mkubwa wake, akakawia mno. Bashayer alisoma dua zote anazozijua na nyengine akazitunga pale pale. Musallam aliporudi alisema ridhaa ni ridhaa, hata ya miaka minane. Nafasi zilikuwa kumi na yeye alikuwa wa nane, kwa hiyo msaada ni wake. Akagonga muhuri.

Bi Jawaher alikuwa akingoja garini, mguu ameunyoosha. Bashayer akawasha gari huku akimwombea rehema marehemu baba yake, aliyemwozesha. Kumbe siku ile, katikati ya zogo lote la harusi, mzee alimfikiria, akalitaka sharti lile.

Walipopita mzunguko wa kwanza wa barabara, Bi Jawaher akamgeukia.

"Babaako alikuwa mtu mwema, lakini hilo halikumjia," akasema. "Nlimtumia salamu mie. Nlimwambia asimpe mwanangu mke mpaka liandikwe. Mie nliolewa naingia darasa la kumi, na mie hakuna alonandikia kitu."

"Mbona hukunambia miaka yote hii, Mama?"

"Nlikuwa nangoja utake mwenyewe."

Bashayer akauliza, kwa sauti ndogo, lile aliloliogopa wiki nzima: na mguu wake je, nani atausafisha?

"Wewe," alisema Bi Jawaher. "Muuguzi nani humu ndani?"

Ikabidi Bashayer aliweke gari pembeni, maana barabara hakuiona tena.