Jina la Baba Kwenye Waifai

Kaka yangu mkubwa ana shahada mbili za kompyuta, na bado hana akili ya kuvuka barabara. Nasema hivi nikiwa nimetulia.

Mwanzoni mwa 2008, Eldoret ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi, yeye alikuwa ng'ambo akisoma. Moto wetu aliutazama kwenye televisheni, kikombe cha kahawa mkononi. Sisi tuliokuwa nyumbani, mimi na Mama, tulijua kwamba jina linaweza kukuua. Jina letu ni la aina ambayo mtu akilisikia tu, anajua babu yako alitoka wapi. Marehemu Baba alikuwa ameliandika kwenye geti kwa herufi kubwa, kama wafanyavyo wenye nyumba huku mtaani kwetu, Elgon View. Mama alichukua rangi akalifuta. Hata hivyo vijana walikuja, na jirani yetu, msafirishaji wa mizigo, Mwislamu mwenye asili ya kaskazini, akatupitisha nyuma ya ua na kutuficha katika stoo yake ya matairi. Walipomuuliza majirani zake ni akina nani, alisema hajui, yeye hukaa barabarani na malori yake.

Tangu wakati huo Mama alikuwa akimpelekea maziwa, naye akituletea nyama ya Idi. Majirani wengine walihama, wakaja wapangaji wapya ambao hatukuwahi kuwaambia jina letu.

Miaka baadaye mtaalamu wetu alirudi nchini, akaja na begi la nyaya kutufungia waifai. Mtandao akauita jina letu la ukoo, lote, hakupunguza hata herufi. Nilimwambia kwamba jina hilo linasomeka hadi barabarani, kwenye simu ya yeyote anayepita. Alicheka.

"Password ni ndefu kama sala ya pasta, hakuna mtu ataingia," akasema. "Ama wewe unaonea jina la baba yako aibu?"

Nilimweleza kwamba sikuwa nahofia wa kuingia. Kuna watu ambao hawana haja na intaneti yako, wanataka tu kujua nani anaishi hapo. Hayo hayakuwa kwenye mtihani wake. Akala chapati za Mama, akarudi Nairobi, na kila nilipompigia simu kumwomba alibadilishe alisema yuko kwenye mkutano.

Ukaja uchaguzi mwingine, na matokeo yakaleta ubishi. Jioni moja vijana walisimama nje ya geti letu wakaliita jina letu, vizuri kabisa, wakatuambia tufungashe. Gari la polisi lilipotokea wakatawanyika. Hakuna kilichoungua, lakini Mama alitia geti kufuli ya pili.

"Nani amewaambia?" aliniuliza. "Hapa anayetujua jina ni mmoja tu."

Nikamwambia ni waifai. Hakunielewa, akampigia simu mwanawe msomi. Kaka alijua ukweli, maana nilikuwa nimemwambia mara nyingi kuliko nilivyomsalimia. Sauti yake ikatoka kwenye spika, laini kama siagi.

"Mama, waifai haiwezi kutaja mtu. Watu ndio husema."

Yaani alikuwa radhi mzee aliyetuokoa aonekane msaliti, mradi yeye asionekane mjinga. Nilimdharau siku hiyo na sijaacha.

Maziwa yakakoma. Jirani akisalimu kutoka kwenye geti lake, Mama anageuza uso. Yule mzee hakuuliza kwa nini. Alizidi tu kusalimu, na mimi nilikuwa naitikia kwa niaba ya nyumba nzima.

Mwishowe nilimshika Mama mkono nikamtoa nje hadi barabarani. Nikampa simu yangu na miwani yake. Alisoma mitandao ya jirani zetu mmoja mmoja, kisha akafika kwa jina la mume wake.

"Hii iko hapa tangu lini?"

"Tangu siku ile aliifunga."

Alinirudishia simu, akaenda kutafuta shali. Nami nikakipindua kile kisanduku cha waifai. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio yake ilikuwa imebandikwa chini, ileile ya kiwandani. Bwana shahada mbili hakuwahi kuibadilisha. Niliibadilisha mimi, na jina la mtandao nikaliweka neno ambalo halina kabila.

Tukaenda kwa jirani. Mama alianza kueleza, akakwama, akaanza tena. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hiyo jina nimekuwa nikiiona kwa simu yangu miaka hii yote," akasema. "Nilikuwa nafurahi. Nilidhani mmeacha kuogopa."

Mama aliomba kiti.