Siku Nilipowapikia Akina Mama Majani ya Rubabu

Mpaka leo, nikihudhuria mkusanyiko wowote wa Watanzania hapa Hounslow, London, lazima atokee mtu wa kufunika sahani yake kwa mkono ninapopita. Aibu yenyewe siwezi kuikana, mashahidi ni wengi mno, kwa hiyo bora mnisikie mimi kabla hamjamsikia Mama Pendo, ambaye huiongezea chumvi kila mwezi, na sasa amefika mahali ambapo eti helikopta ilikuja.

Naishi kwa mama yangu mdogo, Rehema, muuguzi, na nyuma ya nyumba yake kuna bustani ndogo ambayo mwaka huo alikuwa ameamua kuimwagia zege yote, aweke meza na viti, aachane na habari za kukata nyasi. Nikapinga. Nilikuwa nimemaliza shahada ya pili, kazi sina, na ule udongo ndio kitu pekee kilichonitoa kitandani kabla ya saa nne asubuhi (hilo sikumwambia, nilimpa hoja za mazingira). Tukaelewana hivi: akina mama wa kikundi chake wangekuja Jumamosi moja katikati ya Mei, na kama bustani ingeweza kuwalisha mlo mmoja, zege halimwagwi. Isipoweza, fundi anaingia Jumatatu.

"Mboga ya bustanini, Elia," alisema. "Usije ukanunua fungu dukani ukalichomeka kwenye udongo. Nakujua."

Sasa, mimi ni mtu wa kuuliza. Nilipokuwa mdogo niliuliza maswali mpaka katekista akaniomba nipumzike kidogo. Pakiti ya mbegu za maboga ilisema nisubiri mpaka baridi iishe kabisa, nami nikajiuliza, nani kasema, kwa ushahidi gani? Nikatoa miche nje Aprili, kwa sababu jua lilikuwa linawaka (jua la Aprili la hapa ni la kutazama tu), na usiku mmoja wa baridi ukaigeuza yote kuwa myeusi kama majani ya chai. Sukuma wiki ililiwa na konokono. Mchicha uliota, nashukuru, ukafikia urefu wa kope, ukasimama hapo hapo kama unasubiri basi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimestawi, na wala sikukipanda mimi. Kwenye kona palikuwa na mmea wa wenye nyumba wa zamani, mashina mekundu manene na majani mapana kama ya magimbi, unaitwa rubabu, na Waingereza hupika mashina yake kwa sukari. Jirani yetu, Mzee Jayanti, Mhindi aliyezaliwa Kisumu na ambaye Kiswahili chake hakijawahi kuhama kule, alikuwa ameshanionya kutoka upande wa pili wa uzio.

"Kijana, hii kula miguu. Kichwa hapana kula. Kichwa tupa."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa nini nini? Watu yote najua."

Na hapo ndipo alipoharibu, maana ukitaka nikatae jambo niambie watu wote wanalijua. Nikawaza: sisi tunakula kisamvu, tunakula majani ya maboga, ya kunde, ya magimbi, Mwingereza hajui kula majani, ndiyo maana anatupa sehemu nzuri na kutafuna kijiti. Kuangalia kwenye simu kungechukua nusu dakika. Sikuangalia. Mimi, niliyeandika tasnifu nzima kuhusu namna ya kuthibitisha madai!

Jumamosi alfajiri nikayakata majani yote, mashina nikayatupa kando ya uzio. Nikayachemsha, nikamwaga maji, nikaunga kwa kitunguu, karanga na tui. Nikaonja nusu kijiko. Yalikuwa makali. Nikangoja dakika kumi, sikufa, nikahesabu utafiti umekamilika, nikasema ukali ule watu watadhani ni ndimu.

Walikuja saba, na wanne kati yao ni wauguzi kama Mamdogo. Tukakaa bustanini, wali ukapakuliwa, mboga ikapakuliwa. Mamdogo akatazama bakuli, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule niliona anakaribia kujivunia mtu anayelala mpaka saa nne. Wengi walichukua kijiko kimoja wakakunja uso kwa adabu. Mama Pendo, ambaye husifia chakula cha kila nyumba, alikuwa anaingia sahani ya pili.

"Msomi wetu, mboga hii inaitwaje?"

"Ni ya kienyeji," nilisema. (Ya wenyeji gani, sikufafanua.)

Ndipo kichwa cha Mzee Jayanti kikachomoza juu ya uzio. Aliona mashina chini, akaona mmea umebaki upara.

"Kijana! Nani nakata hii yote?"

"Mimi, mzee."

"Kichwa iko wapi?"

Nikatazama sufuria. Mzee Jayanti akatazama sufuria. Akina mama saba, vijiko hewani, wakatazama sufuria.

"Kwa sufuria?" alisema polepole. "Hii sumu, kijana! Sumu!"

Mamdogo alisimama na sauti yake ya wodini, ile ambayo mimi huisikia nikisahau kutoa takataka. "Vijiko chini! Kila mtu aseme amekula vingapi!" Wale wauguzi wanne walibadilika mbele ya macho yangu, huyu anashika mikono ya watu kuhesabu mapigo, yule anagawa maji ya kusukutua, mwingine amepiga simu ya ushauri wa afya na kuiweka sauti ya juu ili sote tusikie. Mhudumu wa simu akauliza nani alipika, vidole vyote vikanielekea, kana kwamba yule dada anaona. Akauliza mpishi ana umri gani.

"Mtu mzima kabisa," Mama Pendo alipaza sauti. "Ana digrii mbili!"

Tukaambiwa tusile tena, watu wanywe maji, waangaliwe, na yeyote atakayetapika apelekwe hospitali mara moja. Nikapewa karatasi na kalamu, nipite kila robo saa kumuuliza kila mgeni anajisikiaje na niandike. Nilipita kwa saa tatu. Kila nikifika kwa Mama Pendo, jibu lilikuwa moja.

"Bado nipo, muuaji. Andika."

Hakuna aliyeugua. Tumbo la Mama Pendo lilinguruma mara mbili, na mara zote mbili niliandika. Jioni Mamdogo akakunja ile karatasi, akasema kwa upole uliouma kuliko kelele: "Jumatatu fundi anaingia." Nami nikaenda kuosha sufuria.

Lakini wale akina mama walikuwa wamekaa saa tatu wakitazama udongo, hawana kingine cha kutazama.

"Rehema, kona ile ina jua. Nyanya zitakubali."

"Mimi ningetia bamia."

"Bamia, London hii?"

"Wewe ngoja uone. Naishi ghorofani miaka tisa, sina hata kopo la udongo. Nipe hapo penye ukuta."

Kabla chai haijapoa walikuwa wameshachomeka vijiti na kugawana bustani nzima. Mamdogo akawatazama, akatazama simu yake, akaguna, akamwandikia fundi asije.

"Na Elia je?" aliuliza.

"Atamwagilia," alisema Mama Pendo. "Kuchuma, marufuku."

Kwa hiyo udongo upo, na kila Jumamosi nipo nao, nimeshika mpira wa maji. Nimeapa kwamba jani nisilolijua halitaingia tena sufuriani mwangu, na kwamba kabla sijadai ushahidi kwa mtu mwingine nitaudai kwangu mwenyewe kwanza. Juzi nilimuuliza Mama Pendo kwa nini anabananisha bamia zake namna ile. Hakugeuka hata kunitazama.

"Maji, msomi."

Nikaleta maji.