Kompyuta Iliyobisha Hodi Kambini

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa kituo cha simu Nachingwea aliniketisha kwenye benchi la wateja na kuninyima koleo. Nilikuwa nimetoka chuoni na ovaroli mpya yenye mikunjo ya pasi, nikitaka kupanda nguzo kabla ya chai ya saa nne. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akasema, "Binti, leo unasikiliza. Nguzo hazina miguu, kesho utazikuta."

Nikasikiliza. Walikuja wanunuzi wa korosho waliodai laini inakatika kila wanapofika kwenye bei. Akaja sista wa parokia, akaja karani wa shule, akaja mzee mmoja aliyetaka tu kujua kama mwanawe wa Dar es Salaam amepiga. Wengi wao walitumia maneno mawili: simu imekufa. Jioni Fundi Mkuu aliniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu kwamba Nachingwea ina simu nyingi zilizokufa.

"Mteja akikwambia simu imekufa, bado hajakwambia kitu," alisema. "Msalimie mpaka salamu ziishe. Muulize watoto, muulize shamba. Halafu muulize simu yenyewe imetoka wapi, nani aliileta, lini ililia mara ya mwisho. Ukifika kwenye nyaya, nusu ya kazi umeshaimaliza kwenye kiti."

Nilidhani ananipotezea muda. Wiki iliyofuata alinipa koleo, na miaka mingi nikafanya kazi chini yake. Laini ya simu enzi zile ilikuwa jozi ya nyaya za shaba, kutoka kituoni, nguzo kwa nguzo, hadi kisanduku kidogo kwenye ukuta wa mteja. Ikikatika, hatukuanza kuikagua kutoka mwanzo. Tulikwenda katikati yake na kupima. Kama mlio upo pale, ubovu uko mbele. Kama haupo, uko nyuma. Nusu iliyobaki nayo tunaigawa hivyohivyo, mpaka unafika mahali penye ubovu bila kuhangaika na njia nzima. Sijawahi kufundishwa jambo lililonifaa zaidi ya hilo, na nilipoanza kushika kompyuta niliona linafanya kazi vilevile.

Kompyuta zenyewe zilitufikia kupitia kwa Mhandisi wa Mkoa, aliyekuja kutoka Lindi na masanduku mawili na hasira ya vumbi la njiani. Ndiye aliyetufundisha intaneti. Alikuwa mtu wa maneno machache, akichora ubaoni nyumba, barabara na mji. Nyumba ni kompyuta. Barabara ni laini yetu. Mji ni dunia yote iliyobaki. Kila nyumba ina anwani, alisema, na kazi ya mipangilio ni kuiambia kompyuta anwani yake ni ipi na itoke kwa mlango gani. "Mtandao ukikataa," alituambia, "msiseme mtandao hakuna. Semeni nyumba, barabara au mji." Nilimpenda mzee yule kwa sentensi hiyo moja.

Baadaye nyaya za shaba zilichakaa, wateja wakahamia kwenye ruta, kile kidude chenye taa kinachopokea mawimbi kutoka mnarani na kuyagawa ndani ya nyumba. Nami nikahamishiwa Ruangwa.

Msimamizi wa kituo cha Ruangwa alikuwa kijana kuliko mimi, mtu wa utaratibu, shati halitoki ndani ya suruali hata kwenye jua la Oktoba. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi. "Kazi yetu inaishia kwenye ruta. Taa zikiwaka, sisi tumemaliza. Kompyuta ni mali ya mtu, tukiigusa na ikaharibika, tutailipa sisi." Sikuwa na ugomvi naye. Alikuwa amewahi kuona fundi akidaiwa kompyuta iliyokuwa imekufa kabla hajaingia mlangoni.

Ndipo akaja Mwalimu Mwanahawa. Alikuwa akifundisha shule ya msingi huko Chunyu, akienda na kurudi kwa bodaboda, na nyumbani kwake ni hapahapa Ruangwa mjini. Alikuwa anamalizia shahada ya uzamili kwa masomo ya masafa, na mchana wa siku ile alitakiwa kutetea utafiti wake mbele ya jopo la wahadhiri kwa njia ya video. Mara ya kwanza alishindwa kuunganishwa, jopo likamsubiri, likaondoka. Walimwandikia kwamba akishindwa tena atarudia mwaka mzima. Aliyasema hayo akiwa amesimama kaunta, bado na chaki kwenye mkono wa gauni.

"Taa za ruta zinawaka?" Msimamizi akamuuliza.

"Zinawaka zote."

"Basi mwalimu, mtandao wetu mzima."

"Mzima kwako, bosi. Kwangu mgonjwa." Alisema bila kupandisha sauti, na hapo Msimamizi akanitazama mimi.

"Nenda kapime ruta," akaniambia. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Ukivuka hapo, mimi sijakutuma."

Tulifika kwake wakati msikitini wanatoka swala ya adhuhuri. Mumewe, Bwana Saidi, alitupokea uani alipokuwa anapepeta ufuta. Tukasalimiana kwa kirefu. Niliuliza habari za ufuta, za watoto, za bei ya mwaka huu. Mwalimu alikuwa anahangaika na saa yake, lakini nilikuwa nimeshazoea kutokatisha salamu.

Ruta niliikuta sebuleni, ndani ya kabati la vyombo, katikati ya glasi za wageni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kama televisheni na redio. Kabati limefungwa kwa ufunguo. Kitu cha thamani nyumbani kwetu hufunikwa. Hilo silicheki, hata kwangu redio ina kitambaa. Ila ruta inataka hewa, na mawimbi hayapendi kufungiwa. Niliitoa, nikaiweka juu ya kabati bila kitambaa. Simu ya Mwalimu ikafungua ukurasa haraka.

"Imepona," akasema Bwana Saidi.

"Simu imepona," nikasema. "Tuone kompyuta."

Kompyuta ikakataa kama mwanzo. Kwa nini asitumie simu? Kioo chake kilikuwa kimepasuka, nusu ya chini haisikii kidole, na jopo lilitaka aonyeshe majedwali yake huku anajieleza. Kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta.

Nikagawa njia. Simu inapata mtandao kwenye ruta ileile, kwa hiyo barabara ni nzima na mji upo. Tatizo liko ndani ya nyumba. Nikaandika amri ambayo mafundi tunaiita pingi. Ni kama kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde na kungoja aitike. Akaitika. Maana yake kompyuta ina anwani sahihi na inatoka nje. Lakini ukifungua ukurasa, hakuna. Kitu kinachoitika pingi na kukataa kurasa mara nyingi kina mlango wa pili ambao mwenye nyumba haujui.

Nikamgeukia Bwana Saidi. "Shemeji, kompyuta hii imetoka wapi?"

Uso ukamfunguka. "Hii nilipewa na bosi wangu. Nilikuwa dereva kwenye mradi wa kutafuta madini, kule porini. Walipofunga kambi, wengine walipewa magodoro. Mimi alinipa hii, kwa mkono wake."

"Intaneti imewahi kufungua humu?"

"Tangu ije hapa, hapana. Tulikuwa tunaandikia tu. Ruta tumenunua juzijuzi kwa ajili ya masomo yake."

Nikafungua mipangilio ya mtandao. Ndani yake, mahali panapoitwa proksi, palikuwa na anwani. Proksi ni mlinzi wa geti. Maofisi makubwa huiweka ili kila kompyuta, kabla ya kwenda popote, ipite kwake kwanza. Nikapeleka mkono kwenye kipanya.

"Hapo hapana," akasema Bwana Saidi.

Alikuwa amesimama. Mwalimu akamtazama kwa mshangao.

"Bosi aliniambia, Saidi, andika, cheza, fanya utakalo, lakini mipangilio usibadilishe. Aliniambia mara mbili. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyegusa, hata yule kijana wa duka la steshenari aliyekuja kuitazama nilimkatalia."

"Kwa hiyo yule kijana angeitengeneza?" Mwalimu akauliza taratibu. "Mimi nilikaa hapa nalia, na wewe ulimkatalia?"

"Nilipewa agizo."

"Na mimi nilipewa mume."

Nilijua nikisema neno baya nitakuwa nimeingia katikati ya watu wawili, na Msimamizi wangu hakunituma hata kwenye kompyuta. Nikavuta kiti, nikamwomba Bwana Saidi akae karibu nami.

"Kambi ile sasa ina nini?"

"Haina kitu. Mabati yameng'olewa. Nyasi tu."

"Na geti?"

"Geti walilichukua."

"Basi sikiliza, shemeji. Kila mke wako anapofungua ukurasa, kompyuta hii inaenda kwanza kambini, inabisha hodi. Inangoja. Hakuna wa kuitikia, inarudi na kusema mtandao hakuna. Imefanya hivyo tangu mlipoweka ruta. Bosi wako alikuwa sahihi, geti lilipokuwepo."

Bwana Saidi alikuwa anatazama ile anwani kwenye skrini. Nikatoa simu yangu, nikaipiga picha, nikamwonyesha. "Ikitakiwa tena, iko hapa. Nairudisha mwenyewe." Kisha nikauondoa mkono wangu kwenye kipanya. "Ila sitaki kubadilisha mimi. Uliyepewa ni wewe."

Bwana Saidi akafuta vumbi la ufuta kwenye vidole, akashika kipanya kama anavyoshika usukani, vidole vyote. Nikamwelekeza. Akabofya. Ukurasa ukafunguka, picha baada ya picha, na Mwalimu akawa ameshatuhamisha kwenye kiti chake kabla haujamaliza.

Tulikaa uani, mimi na Bwana Saidi, tukichambua ufuta ili mikono isikae bure. Tulimsikia anaeleza habari za watoto wa Chunyu wanaoanza shule wakijua Kimwera tu, na jinsi wanavyofundishana Kiswahili wakati wa mapumziko. Wahadhiri wakauliza. Akajibu. Kuna mahali walicheka, na Bwana Saidi akaniuliza kwa kunong'ona kama kicheko hicho ni kizuri. Mwalimu alipotoka alikuwa ameshika ukingo wa mlango. "Wamenipitisha," akasema. "Kuna marekebisho madogo." Mumewe akainuka, akamkaribisha kwenye mkeka kama mgeni.

Kwa Msimamizi nilisema kweli yote, kwamba nilivuka ruta. Alirekebisha shati, akaniuliza, "Ruangwa kuna kompyuta ngapi zilizotoka kwenye miradi?" Nikamwambia karibu zote za majumbani. Kuanzia siku ile aliacha kuirudia sheria yake asubuhi, na mimi nikapewa kazi ya kuwafundisha wenzangu kuuliza kompyuta imetoka wapi. Namshukuru, kwa sababu si kila bosi huacha sheria yake mwenyewe.

Nimestaafu sasa, nimerudi Nachingwea. Magoti hayataki tena ngazi. Ninyi mnaoanza kazi hii mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na mipangilio mingi inajipanga yenyewe. Nafurahi kwa ajili yenu. Lakini nikikaa na kukumbuka, sikumbuki sana vifaa. Nakumbuka watu walionifungulia vyumba vyao, wakanionyesha kitu chao cha thamani, wakakubali nikiguse. Fundi Mkuu alinipa koleo, Mhandisi wa Mkoa alinipa ramani, na wateja walinipa imani ambayo sikuwa nimeistahili bado. Kwa hayo nina deni la shukrani tu.

Juzi Bwana Saidi alinipigia simu ya video. Yule bosi wake wa kambini alikuwa amemtafuta kumjulia hali, akauliza kama kompyuta bado inafanya kazi.

"Nikamwomba radhi," Bwana Saidi akaniambia. "Nikamweleza kwamba tulilazimika kubadilisha ile mipangilio aliyonikataza."

"Akasemaje?"

Alijikuna shingo. "Akaniuliza, mipangilio gani?"

Nyuma yake, chumbani, nikasikia Mwalimu ameanza kucheka. Bwana Saidi alichelewa kidogo, kisha naye akacheka.