Msumari wa Bibi Sarpinah

Siku ya kuchagua mwenyekiti wa kijiji chetu, mwanamke asiyeona aliingia kwenye kibanda cha kura, akakaa chini, akagoma kutoka.

Foleni nzima ikasimama.

Na mtu aliyempeleka pale ni mimi.

Nasimulia kwa sababu kila mtu hapa Java upande wetu anaisimulia anavyotaka, na wengine hata hawakuwepo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye pazia.

Naitwa Wening. Shule niliishia ya msingi. Asubuhi namsaidia mama kukaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, sokoni, mchana nakwenda kwenye chumba kilicho nyuma ya msikiti. Pale kuna watu wazima wasioona, kazi yao kuchua wakulima migongo na mabega. Nawasomea meseji, nawasindikiza zahanati, nawatafutia uzi na sindano. Silipwi.

"Wening, unajijengea nyumba peponi?" wananitania sokoni.

"Ndiyo, na choo nimeshachimba," nawajibu.

Mkubwa wa chumba kile ni Bibi Sarpinah. Siku yangu ya kwanza nilimkamata mkono nimvushe mtaro. Akasimama katikati ya njia.

"Mimi mbuzi?"

"Hapana, Bibi."

"Basi usinivute. Lete kiwiko."

Tangu siku hiyo natangulia kidogo tu, yeye anashika kiwiko changu, na anakotaka kwenda ndiko tunakokwenda.

Sasa, kura zetu tunatoboa kwa msumari. Kila mgombea anapewa zao liwe alama yake, unatoboa picha ya zao unalolitaka. Uchaguzi uliopita, mwenyekiti wetu Darmaji alikuwa mpunga. Kwenye kamati ya uchaguzi alikuwepo mpwa wake, Tukiran. Tukiran akaingia kibandani na Bibi eti kumsaidia, akamshika mkono kama mtoto anayefundishwa kuandika, akatoboa mpunga.

Bibi alinisimulia habari hiyo mpaka nikaijua kwa moyo.

"Msumari ulikuwa mkononi mwangu," alikuwa akisema, "lakini aliyetoboa ni yeye."

Ilinichoma sana. Halafu huyohuyo Darmaji alikuja kusimika nguzo za chuma kwenye njia ya sokoni, kuzuia pikipiki. Pikipiki zinapita pembeni. Miguu ya watu wangu ndiyo inayogonga chuma. Ukiona miguu ya Bibi ilivyo na makovu, utasema alicheza mpira ujana wake wote.

Mwaka huu Darmaji alirudi tena na mpunga wake. Aliyemkabili ni Bi Wiji, mfanyabiashara wa vitambaa, alama yake mahindi. Bi Wiji alikuja chumbani kwetu na vitumbua, akatukumbatia wote, akapiga picha.

Mimi kichwani nikafunga hesabu. Mwaka huu ni mahindi.

Tukatafuta njia Bibi atoboe peke yake. Karatasi ya mfano ilibandikwa ofisini, nikaipima kwa utepe wa fundi cherehani. Nikakata boksi la tambi saizi ileile, nikatoboa madirisha mawili, la kushoto mpunga, la kulia mahindi. Boksi unaliweka juu ya karatasi, unapapasa dirisha unalolitaka, unatoboa.

Bibi alifanya mazoezi kwenye magazeti mpaka magazeti yakawa chujio.

"Umenielewa, Bibi? Mahindi ni la..."

"Nimesikia kulia na kushoto. Inatosha."

Siku ikafika. Wagombea wamekaa jukwaani kama maharusi, batiki mpya, mbele ya kila mmoja furushi la zao lake. Desturi yetu mgombea haruhusiwi kusema neno mpaka kura ziishe. Anakaa tu, anatoka jasho.

Bibi akapewa karatasi yake. Tukiran huyo kwenye meza ya kamati, meno yote nje.

"Karibu, Bibi. Lete mkono nikusaidie kama siku zile."

"Siku zile zimeisha. Nina boksi langu."

Tukiran akalichukua, akaligeuza. "Kitu cha kigeni hiki. Hakiingii." Akaliweka chini ya meza.

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Bibi aliachia kiwiko changu, akapapasa pazia, akaingia, akakaa chini na karatasi yake mapajani.

"Nikipata boksi langu, nitatoboa. Nisipopata, nipo."

Watu wakadhani utani. Muda ukapita. Jua likapanda. Mzee Kasno, mchuaji mwenzake, alikuwa nyuma kwenye foleni. Aliposikia kinachoendelea naye akakaa chini palepale. Kisha wengine wa chumba chetu, mmojammoja, wakakaa. Ikawa huwezi kupita bila kuruka vichwa.

Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Hardi, akanivuta pembeni. Mtu mpole, lakini siku hiyo kola yote ilikuwa imelowa.

"Binti, wewe anakuamini. Ingia umshike mkono, mtoboe karatasi, tumalize. Hata ukitoboa unachotaka wewe, nani atajua?"

Nawaambia ukweli, hiyo ilikuwa rahisi. Ningeingia, ningetoboa mahindi, kila mtu angekwenda kula.

"Sijaja kushika mkono, Mwalimu," nikasema. "Nimekuja na kiwiko tu."

Tukiran akanisogelea sikioni. "Meza ya mama yako pale sokoni ina kibali cha ofisi ya kijiji, eti?"

Meza ile ndiyo chakula chetu. Nikamtazama mama kwenye foleni, naye ananitazama, hajui nimeambiwa nini.

Nikasema kwa sauti, foleni yote isikie: "Kaka Tukiran ananiuliza kuhusu meza ya mama yangu. Nimjibu nini?"

Jukwaani Darmaji akamkata mpwa wake jicho, lakini mdomo kaufunga, desturi ndiyo hiyo.

Akaanza mbeba magunia mmoja huko nyuma. "Mpeni mama wa watu boksi lake, tumeacha ng'ombe kambani."

"Boksi la tambi nalo mnaliogopa?" mwingine akadakia. "Litawauma?"

"Mpeni boksi. Mpeni boksi." Ikawa wimbo.

Mwalimu Hardi akainama, akalitoa chini ya meza, akalipitisha pembeni ya pazia mwenyewe.

Tukasikiliza. Watu wote wale, na ungesikia nzi.

Pwa.

Msumari ukapita kwenye karatasi.

Bibi akatoka, kura imekunjwa. Akaidumbukiza, akachovya kidole kwenye wino, akauliza, "Nani anafuata? Boksi liko ndani."

Jioni kura zikahesabiwa hadharani, kila karatasi inainuliwa juu watu waone tundu. Mpunga. Mahindi. Mpunga. Mpunga.

Darmaji akashinda.

Njiani nilishindwa kujizuia, machozi yakatoka. "Bibi, tumehangaika bure. Mahindi yameshindwa."

"Unalia nini? Mimi mgombea wangu kashinda."

Nikasimama. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ulitoboa mpunga?"

"Bi Wiji ananipigia kelele kama mimi kiziwi. Kaniita 'maskini wangu' mbele ya kamera. Darmaji ni mkaidi, lakini nikimtukana anajibu. Mtu wa hivyo naweza kugombana naye."

"Na uchaguzi ule? Tukiran alivyokushika mkono?"

"Hata ule nilitaka mpunga." Akapapasa, akakipata kiwiko changu. "Nilitaka kuutoboa mwenyewe."

Miaka yote hiyo nilikuwa na hasira kwa ajili yake, na hasira yenyewe nilikuwa nimeielewa vibaya. Na angenipa ule mkono wake pale kibandani, ningefanya alichofanya Tukiran. Tena kwa moyo safi kabisa.

Kesho yake akanipeleka ofisini kwa Darmaji. Nasema akanipeleka, mnanielewa.

"Hongera, Mwenyekiti. Kura yangu unayo," Bibi akasema, huku anavuta mkeka katikati ya mlango. "Na meza ya mama yake huyu isiguswe. Sasa tuzungumze nguzo."

"Bibi, nguzo ni mambo ya bajeti..."

Bibi akakaa. Akanyoosha miguu yenye makovu, akafungua wali wake kwenye jani la mgomba. Alikuwa amefungasha wa mchana na wa jioni.

Darmaji aliutazama ule wali kwa muda. Halafu akaagiza waletwe mafundi.

Leo njia ya sokoni haina chuma. Mimi bado natembea mbele kidogo, kiwiko nyuma. Na wewe unayejitolea kwa watu huko uliko, chunga: ukiona umeanza kujua wanachotaka kabla hawajakisema, angalia vizuri msumari uko mkononi mwa nani.