Kidole Kidogo cha Kushoto

Ukiingia kwenye chumba chake cha kushonea, Fundi hakuangalii usoni kwanza. Anakuangalia mikono. Waliomzoea walijua ni mambo ya kazi, kwa kuwa mkono ukining'inia wenyewe humwonyesha bega lililoshuka, kiwiko kisichonyooka na tumbo ambalo mwenyewe analificha. Lakini wiki ya pili baada ya uchaguzi macho yake yalikuwa yanatafuta kitu kingine. Alikuwa akisema, "Nyoosha mkono, usikunje," huku anashusha futi kutoka begani hadi kwenye kifundo, na hapo macho yanatua kwenye kidole kidogo cha kushoto, pale ukucha unapoanzia. Wino wa kura hutoka kwenye ngozi kwa siku chache, ila kwenye ukucha hung'ang'ania mpaka ukucha wenyewe ukue.

Hakumwambia mtu anachotafuta. Angemwambia nani, ikiwa hakuwa anamwamini mtu?

Chama chao kilikuwa kimeshindwa kwa kura kumi na nane. Si elfu, si mia. Watu wanaoenea kwenye mabenchi matatu. Daftari la tawi, ambalo Fundi kama katibu aliliandika kwa mkono wake, lilikuwa na wanachama mia tatu themanini na wanne. Kwenye sanduku zilitoka kura zao mia tatu sitini na moja. Yeye alikuwa wakala wa chama kituoni, akaingia kabla ya jua kuchomoza na kutoka wa mwisho. Alihesabu kila karatasi kwa macho yake, na fomu ya matokeo ilipoletwa akaisoma mara mbili, akaona iko sawa, akatia sahihi.

Ile sahihi ndiyo iliyomponza.

"Tumeibiwa," mtaa mzima ulisema kesho yake. Na kama wameibiwa, basi aliyetia sahihi kwenye fomu ya wizi ni mwizi mwenzao. Wateja wakapungua. Waliobaki walikuja na nguo zao huku wanachungulia nyuma, kama wanaoingia kwa mganga.

Mama Pacha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye pekee aliyethubutu kumwambia ana kwa ana. Alikuja kupimwa gauni, akasimama katikati ya chumba na mikono kifuani.

"Shoga, nisikufiche. Wanasema umenunuliwa."

"Kwa bei gani? Maana cherehani ni hii hii, na paa bado linavuja."

"Ndiyo hapo. Wanasema umeficha." Mama Pacha akacheka, kisha akashtuka. "Na mbona unanikodolea kidole? Unanipima au unanikagua?"

"Nyoosha mkono."

Ukucha wa Mama Pacha ulikuwa na alama nyeusi. Fundi akashusha pumzi, akaandika kipimo.

Shida ni kwamba muda ulikuwa unayoyoma. Ofisi ya wilaya ilikuwa imeleta barua: kila tawi lililoshindwa liitishe mkutano Jumamosi saa kumi, na wanachama hamsini wajiandikishe kufanya kazi ya kulijenga upya, nyumba kwa nyumba, mpaka uchaguzi ujao. Tawi litakalokosa majina hamsini litafutwa na watu wake wahamishiwe tawi la sokoni. Tawi hilo lilizaliwa ndani ya chumba hiki miaka kumi na moja iliyopita, watu saba wamekalia marobota ya vitambaa. Fundi hakuwa tayari kulizika. Lakini kila mlango aliobisha, jibu lilikuwa lile lile, limefungwa tu kwa karatasi tofauti: tutaona, mtoto anaumwa, nina msiba wa mbali. Mzee mmoja tu ndiye aliyekuwa mkweli: "Binti yangu, siwezi kuandika jina langu kwenye karatasi iliyoshikwa na mkono ule ule."

Aliyepiga kelele kuliko wote kwamba wameibiwa alikuwa mwenyekiti wa tawi, seremala mwenye sauti ya kuzima randa. Jumatano alikuja kushonesha koti la kuvaa kwenye mkutano.

"Katibu," alisema, bila salamu ndefu. "Nakuja kwako kwa sababu unashona vizuri. Mengine tutayazungumza Jumamosi, mbele ya watu."

"Haya, Mwenyekiti. Nyoosha mkono."

Akanyoosha wa kulia.

"Na wa kushoto."

"Mikono yangu inalingana."

"Hakuna mtu mikono yake inalingana."

Akaunyoosha, ngumi imefumbwa. Fundi akamgusa vidole kama anayevilegeza tu, vikafunguka. Ukucha wa kidole kidogo ulikuwa safi kama wa mtoto mchanga.

Fundi aliuma pini zilizokuwa mdomoni. "Foleni ilikuwaje asubuhi ile, Mwenyekiti? Mimi nilikuwa ndani, sikuona nje."

"Ndefu. Nilisimama mpaka miguu ikaota mizizi." Akaurudisha mkono haraka. "Mifuko ya koti iwe ya kina. Ya kina sana."

Alipoondoka, Fundi alikaa na chaki mkononi bila kuchora kitu. Mtu ambaye hakupiga kura anapiga kelele ameibiwa kura! Huyu ndiye aliyenunuliwa, alijiambia. Halafu akajizuia. Seremala anashika thina kila siku akisafisha vanishi. Huenda thina imeufuta wino. Na hapo wazo jingine likamchoma, lile ambalo kwa siku kumi alikuwa akilisukuma pembeni. Mumewe naye alikuwa fundi rangi. Kidole chake pia kilikuwa safi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshajitungia jibu: thina.

Akaenda uani, akafungua kopo la thina la mumewe, akatumbukiza kidole chake mwenyewe. Akasugua kwa kitambaa, akasugua kwa mchanga, akasugua mpaka ngozi ikawasha. Alama kwenye ukucha ilibaki pale pale, inamtazama.

Mumewe aliporudi jioni, alimkuta amekaa kizingitini na kopo miguuni.

"Baba Watoto, hebu nipe mkono."

"Unataka kunishonea shati?"

"Nipe mkono wa kushoto."

Hakumpa. Akakaa chini pembeni yake, akalitazama lile kopo, akaelewa.

"Nani aliyekununua?" Fundi aliuliza, na sauti haikuwa yake.

"Kununuliwa! Mimi?" Akataka kucheka, akaacha. "Mama Watoto, nilikuwa napaka rangi jukwaa."

"Jukwaa gani?"

"Jukwaa la ushindi."

Yakatoka yote, kipande kipande. Siku ile ya kura, mwenyekiti alikuwa amewakusanya watu ishirini na watatu kwenye uwanja wa tawi wajenge jukwaa la sherehe, ili matokeo yakitangazwa ngoma ianze hapo hapo. Wapiga misumari, wapaka rangi, wa kufunga vitambaa. Kila mmoja alisema atakwenda kupiga kura kazi ikipungua. Saa sita wakakuta mbao fupi. Saa nane ngazi ikavunjika, ikabidi itengenezwe upya. Walipofika kituoni lango lilikuwa limefungwa, na Fundi yumo ndani hana habari.

"Tulijua tunashinda," mumewe alisema. "Tukaona watu ishirini na watatu, ni nini? Matokeo yalipotoka, Mwenyekiti akatuapisha pale pale kwenye ngazi. Hakuna kusema."

"Ukala kiapo. Ukarudi hapa, ukala sahani moja na mimi, ukasikia wananiita mwizi."

"Niliona aibu."

"Na mimi je, nilikuwa naona nini?"

Usiku ule chakula kilipoa, na kesho yake hawakusemeshana mpaka chai ilipokwisha. Hapo Fundi akasema neno moja tu: "Jumamosi utasimama."

"Nitafukuzwa kazi. Nusu ya kazi zangu anazileta yeye."

"Sijakuuliza utafukuzwa wapi."

Mumewe akabeba brashi zake, akatoka. Fundi akabaki anamtilia shaka, akaanza kuzunguka upya mitaani, safari hii na maneno mengine. Hakuwabembeleza. "Mnasema nimewauza? Njooni mniulize mbele ya kadamnasi," aliwaambia mlango kwa mlango. "Anayeogopa kuja, nitajua anaogopa nini." Mama Pacha naye alizidisha chumvi kwa upande wake, akaeneza kwamba Katibu atafukuzwa na huenda atalia. Walioshindwa kuitwa na chama wakaitwa na udaku.

Jumamosi uwanja ulijaa. Jukwaa la ushindi lilikuwa bado limesimama, rangi haijachubuka, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa juu yake ndani ya koti jipya. Mjumbe wa wilaya aliweka karatasi ya majina mezani, na kalamu juu yake. Fundi alihesabu vichwa: tisini na wanne. Akaangalia karatasi: tupu. Hakuna aliyesogea. Kila mtu alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, anangoja kujua kwanza anaandika jina lake karibu na la nani.

"Kabla ya kujiandikisha," mwenyekiti alinguruma, "tumjue aliyetuuza. Katibu, mbona ulitia sahihi?"

"Kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi," Fundi alisema. "Kura zilizopungua hazikuibiwa. Hazikufika."

Minong'ono ikapanda. "Anajikosha!" mtu akapiga kelele nyuma. Fundi akamtafuta mumewe kwenye benchi la mbele alipomwacha. Benchi lilikuwa tupu. Amekimbia, alifikiri; amenikimbia.

Kisha ngazi ya jukwaa ikalia. Ilikuwa ile ngazi iliyovunjika siku ya kura, na mumewe alikuwa anaipanda, polepole, kofia kwapani. Alisimama pembeni ya mwenyekiti, akainua mkono wa kushoto juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, kidole kidogo kimejitenga na vingine.

"Tazameni," alisema. "Kisafi. Siku ya kura nilikuwa hapa hapa, napaka hii mbao mnayoiona. Sikuwa peke yangu, na aliyetuita kazini nimesimama pembeni yake."

Kwenye benchi la tatu, mpiga misumari mmoja akainamisha kichwa. Kisha, kama mtu anayeinua mzigo, akainua mkono wake. Akafuata mwingine karibu na lango. Mama Pacha akasimama ili aone vizuri. Mjumbe wa wilaya akaishika kalamu, akaigeuza kuelekea kwa watu.

Lakini hakuna aliyeitazama kalamu. Macho yote yalikuwa kwa mwenyekiti, kwenye mfuko wa kushoto wa koti lake, ule wa kina sana, ambao mshono wake Fundi aliujua kwa kila tundu la sindano. Mkono ulikuwa umezama humo mpaka kwenye kifundo. Kitambaa kilicheza kidogo. Fundi akasogea hatua moja mbele, akangoja pamoja na wengine mkono utoke.