Pilau Iliyosubiri Mwezi

Nikifunua hii sufuria ya umeme inayopasha chakula polepole, mvuke wa bizari na mdalasini hunirudisha uani kwa bibi, Chang'ombe.

Mwaka mmoja, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, bibi aliapa kwamba mwezi utaonekana tu. Akapika pilau ya Idi kabla ya magharibi, ili asubuhi avae dera lake jipya bila kunuka moshi. Baada ya futari, redio ikatangaza kuwa mwezi haujaandama. Babu akaizima.

"Basi kesho tunafunga," bibi akasema, "na pilau itafunga na sisi."

Kutwa nzima sufuria ilikaa jikoni, chini makaa yaliyofukiwa majivu, juu ya mfuniko makaa mengine machache. Ikikaribia kukauka, bibi aliinyunyizia maji. Mie mwaka ule ndio kwanza nilianza kufunga, na ile harufu haikuniacha.

"Bibi, nikuonjee chumvi?"

"Chumvi ipo. Nenda kalale."

Asubuhi ya Idi alipofunua, wali ulikuwa umerojeka kama uji. Sote tukamtazama babu. Alikula taratibu, akalamba vidole, akasogeza sahani mbele.

"Bokoboko la mwaka huu tamu," alisema, kana kwamba bibi alikuwa amepika ule uji mzito wa ngano na nyama. "Niongeze."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la dera jipya.

Leo nami nimepika mapema. Mwanangu anachungulia jikoni, anauliza kama mwezi umeandama.

"Bado," namjibu, nikinyunyiza maji kidogo.